Kwa nini nilimuombea mwizi asikamatwe?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbagala, nalifupisha kidogo: "Kaka, mimi nimeshakwapuliwa simu mara mbili, mara ya pili nikiwa kwenye bajaji na mtoto nimempakata, wezi nawachukia mpaka basi. Sasa juzi nimemaliza kuangalia Money Heist, ile siriz ya wezi wanaovamia kiwanda cha kuchapa hela wakiongozwa na jamaa anaitwa Profesa, na kuna sehemu nilikuwa nimeng'ang'ania mkono wa mume wangu naomba Mungu yule Profesa asikamatwe. Mume wangu alinicheka sana. Hivi hawa watu wa muvi huwa wanatufanyaje? Au mimi ndo nina shida?"

Dada yangu, pole kwanza kwa hizo simu, najua haikuwa simu tu, ni namba za watu, ni picha za mtoto, na ni ile hali ya kukaa katikati ya siti ya bajaji mpaka leo hata kama uko peke yako. Sasa nikujibu. Shida huna. Nasema hivo kwa uhakika sababu kazi yangu miaka yote hii ni kuediti muvi, nalipwa kukaa kwenye chumba chenye giza nikihesabu nusu sekunde za macho ya mtu, na hicho ulichofanyiwa wewe na Profesa ndo kazi yenyewe, nimeshawafanyia watu wengi na nimeshafanyiwa pia mara nyingi tu.

Hujasema ni sehemu ipi ulimshika mume wako mkono, ila mimi nakisia ni ile ya gari. Unaikumbuka? Helsinki, mmoja wa wezi wa Profesa, aliagizwa ahakikishe lile gari linaharibiwa, hakufanya, na polisi wameshajua lilipo, kwa hiyo Profesa mwenyewe inabidi akimbie kwenye yadi ya skrepa akafute alama zake za vidole kabla hawajafika. Kama ni hiyo basi naomba nikupeleke kwenye gari lingine la zamani zaidi, sababu ukilielewa lile na hili umelielewa.

Kuna muvi ya Alfred Hitchcock ya 1960 inaitwa Psycho, haina rangi, na kama hujaiona nitakuharibia kidogo unisamehe. Mwanamke anaitwa Marion ameiba dola 40,000 kazini kwake anakimbia nazo, usiku mvua inamkamata njiani, anachukua chumba kwenye moteli ya kijana mpole anaitwa Norman Bates ambaye anaishi na mama yake. Marion anauawa bafuni, na kwa wakati ule tunavyoamini sisi ni kwamba aliyeua ni mama. Norman anaingia anakuta damu. Hapo ungetegemea mtazamaji atake polisi waje sasa hivi, si ndiyo? Hitchcock anatuonyesha Norman anasafisha. Anapiga deki. Ananawa mikono, damu inaenda na maji kwenye sinki. Anamviringisha marehemu kwenye pazia la bafu anampakia kwenye buti la gari lake mwenyewe Marion, anarudi chumbani kukagua kama kuna kitu kimesahaulika, dakika kadhaa nzima na maneno karibu hakuna, ni kazi tu. Alafu analisukuma gari kwenye dimbwi la tope. Linazama, linazama, lile tope linabwabwaja, mara linasimama. Paa bado liko juu linaonekana kabisa. Norman anatafuna kitu mdomoni, anageuka huku, anageuka huku. Na wewe kwenye kiti chako pumzi imesimama, UNATAKA LIZAME. Ndani ya lile gari kuna maiti ya mwanamke ambaye dakika chache tu nyuma ulikuwa unamhurumia, na unataka lizame. Likienda chini unashusha pumzi.

Mimi hiyo sini nimeirudia mara nyingi kuliko sini yoyote maishani mwangu na bado inanishika. Na ninachokiona kila nikiirudia ni kwamba hakuna hata sehemu moja Hitchcock anapotuambia Norman ni mtu mzuri au kwamba ana haki ya kuficha maiti, hilo swali hajalileta kabisa mezani. Amekupa kazi. Deki imepigwa, taulo limeokotwa, funguo zimechukuliwa, gari limesukumwa, kila hatua umeiona kwa karibu mpaka imekuwa kama umeifanya wewe, na kazi iliyobaki ni moja tu, gari lizame. Moyo wa binadamu ukishashirikishwa kazi kuanzia mwanzo hauvumilii ikwame mwishoni. Ni kama ukiwa pembeni ya barabara unaangalia watu usiowajua wanasukuma lori limekwama kwenye matope, hujui limebeba nini, inawezekana hata limebeba magendo, lakini gurudumu likikaribia kutoka mwili wako nao unasukuma.

Nataka uone na jambo lingine hapo. Muda ule studio za Marekani zilikuwa chini ya kanuni iliyoandikwa 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali 1934, ikadumu mpaka 1968, na ilikataza waziwazi huruma ya watazamaji kupelekwa upande wa uhalifu. Walikuwa wanakagua skripti, wanakagua mhalifu ameishia wapi. Lakini huruma haikai kwenye skripti dada yangu, kwenye karatasi pale imeandikwa tu kwamba gari linazama, huruma imekuja na lile gari kusimama sekunde chache kabla ya kuendelea.

Nikupe na la kwangu. Kuna kazi niliwahi kuediti, ya dalali tapeli, anapokea kodi ya miezi sita ya nyumba ambayo sio yake. Sini ya kwanza kuirekodi ilikuwa mama mpangaji yuko chumbani kwake anahesabu hela kitandani, noti za elfu kumi kumi na za elfu tano, anazipanga, anazifunga na raba. Nikaiweka mwanzo. Tukakaribisha majirani sita waangalie, viti vya plastiki, laptop juu ya meza, na katikati yao kulikuwa na mama mmoja mtu mzima ambaye alishatuambia kabla hatujaanza kwamba yeye mwenyewe alishaliwa hela na dalali huko Tabata. Wote sita walimchukia yule dalali kuanzia sekunde ya kwanza mpaka mwisho, na stori ilikufa pale pale, sababu hakuna aliyetaka kukaa naye dakika 20.

Usiku ule nikabadilisha. Sikuongeza shoti, yaani kipande cha picha, hata moja. Nikaitoa ile ya mama anahesabu hela, nikaanza na dalali yuko mlangoni kwenye ile nyumba ana bunda la funguo ambalo halijui, anajaribu, haiingii, anajaribu nyingine, na chini kwenye ngazi tunasikia viatu vya mteja vinapanda. Sauti ya viatu nikaipandisha kidogo. Funguo ya tatu inaingia ila haizunguki, klozapu, yaani picha ya karibu kabisa, ya vidole vyake, jasho, viatu, vidole, viatu. Ya nne inazunguka. Kesho yake tukawaita wale wale sita, na kitasa kilipofunguka yule mama wa Tabata ndo alikuwa wa kwanza kusema "afadhali!" kwa sauti. Alafu akanyamaza. Alafu akanigeukia akauliza, "mmenifanya nini nyie?" Swali lako hilo hilo dada yangu, na aliniuliza machoni.

Kwa hiyo ukiona mtazamaji amehamia upande wa mtu mbaya usitafute kwanza maneno mazuri aliyosemewa, tafuta funguo. Tafuta ni wapi uliambiwa mpango alafu ukaonyeshwa unataka kuharibika. The Godfather ya 1972 ile sini ya mgahawani ni darasa tosha. Michael, mtoto wa bosi wa mafia, anaenda kuua watu wawili, mmoja ni kapteni wa polisi, na kabla hajaenda Clemenza, mtu wa baba yake, anamfundisha hatua kwa hatua na sisi tunafundishwa naye, ukitoka chooni piga hapo hapo, achia bastola ianguke, toka, usikimbie. Sasa tunaujua mpango. Chooni anapapasa nyuma ya tenki la maji, bastola haigusiki kwa haraka, moyo unaruka. Anatoka, badala ya kupiga ANAKAA. Yule mwingine anayetakiwa kuuawa anaongea Kitaliano na mwongozaji Coppola hajaweka tafsiri chini, kwa makusudi, sababu Michael mwenyewe hasikilizi tena, kamera inausogelea uso wake na mlio wa treni unapanda mpaka unafunika kila kitu, ile treni ni kazi ya fundi wa sauti Walter Murch, na treni yenyewe haionekani popote kwenye picha. Anapiga. Wamekufa wawili. Na wewe unachowaza ni nini? "Bastola! Achia bastola!" Sababu ulifundishwa aiachie na bado ameishika. Watu wawili wako chini damu inatoka na akili yako yote iko kwenye mkono ambao haujafunguka. Mimi sijaona ufundi mkubwa kuliko huo wa kumfanya mtu mwema asimamie mauaji.

Na ukishakuwa ndani ya kazi ya mtu, anayeizuia anakuwa adui yako hata kama ana haki. Fikiria Arturo kwenye Money Heist. Ni mateka yule! Ameelekezewa bunduki kazini kwake, kwa haki zote sisi tulipaswa kuwa upande wake. Lakini waandishi wamemfanya ameshampa mimba sekretari wake na anamkana, mwoga, mnafiki, anatuma wenzake kwenye hatari yeye anabaki nyuma, kila akifungua mdomo unatamani wamzibe. Wakati huo huo wezi wanapewa mipaka, hakuna kumwaga damu, hela hawachukui za mtu mfukoni, wanajichapishia zao. Ukiwapanga hivo kwenye fremu moja hesabu inajipiga yenyewe, mtu mbaya hahitaji kuwa mwema, anahitaji kusimama pembeni ya mtu anayeudhi kuliko yeye.

Hiyo ya Arturo ni sawa, ameandikwa achukiwe. Inayoniuma mimi ni Skyler wa siriz ya Breaking Bad. Mume wake Walter anapika madawa ya kulevya, anadanganya nyumbani, anaua, na mke anauliza tu ulikuwa wapi. Basi. Watazamaji walimchukia yule mwanamke mpaka Anna Gunn, msanii aliyemcheza, akaandika kwenye New York Times 2013 namna chuki ile ilivyohama kutoka kwa Skyler ikamfikia yeye mwenyewe. Kosa la Skyler lilikuwa kuingia chumbani wakati Walter anaficha kitu na sisi tunamsaidia kuficha. Hapo mimi nawaambia vijana ninaowafundisha kwamba hii kitu ni moto, inapika na inaunguza nyumba, ukijua kuiwasha ujue na nani amekaa karibu nayo.

Sasa kuna suala la sauti, na hili sisi wa huku tulilijua kabla hatujaenda shule yoyote. Kwenye kibanda umiza mtu akichelewa kuingia huwa haulizi nani mwema nani mbaya, anauliza steringi yupi. Akishaonyeshwa amemaliza, kuanzia hapo akipigwa steringi anaumia yeye, steringi akiua watu 40 ni sawa tu. Na wakina Lufufu huku kwetu na DJ Afro kule Kenya walikuwa wanatafsiri muvi lakini hapo hapo wanakugawia steringi kwa sauti, anayesimuliwa kwa ukaribu ndo wako. Wazungu wanatumia kitu hicho hicho, mhusika anasimulia mwenyewe. Tokyo, binti mmoja wa wale wezi, ndo anasimulia Money Heist kuanzia dakika za kwanza, na dakika hizo hizo anakimbia, mpenzi wake ameuawa, polisi wamemtegea nyumbani kwa mama yake. Kwa mama yake! Nani atakataa kumhurumia binti anayetaka kumuona mama? Benki... samahani, kiwanda cha kuchapa hela, bado hata hakijaguswa na wewe umeshagawiwa steringi.

Kuna Goodfellas ya Martin Scorsese ya 1990, jambazi Henry anasimulia mwenyewe, na kuna shoti moja anampeleka msichana wake Karen klabu, foleni ya watu nje, wao wanapitia mlango wa nyuma, kamera inawafuata mgongoni bila kukatwa kama dakika tatu hivi, korido, jikoni, wapishi wanawapisha, Henry anawapa watu hela mkononi anawataja majina, wanatokea ukumbini, meza inabebwa juu juu inatandikwa mbele kabisa karibu na jukwaa. Karen anamuuliza unafanya kazi gani, anajibu ujenzi. Ile shoti haijakatwa sababu ikikatwa utapata nafasi ya kuwaza hela zimetoka wapi. Umebebwa mgongoni kwa jamaa, na kwa dakika hizo tatu dunia nzima inakufungulia milango, na wewe ambaye umezoea foleni ya hospitali, foleni ya benki, foleni ya mwendokasi, niambie utakataa?

Mwanga na muziki nitapita haraka, sio kwamba ni vidogo, ila vinafanya kazi hiyo hiyo ya kukuweka karibu. Gordon Willis, aliyepiga picha The Godfather, alimulika taa kutokea juu mpaka macho ya Don Vito, baba yake Michael, yanabaki kwenye kivuli, na mtu usiyemuona macho unamsogelea umtafute, unamsikiliza zaidi. Na ana paka mapajani anamkuna huku anaongelea kisasi.

Narudi kwako na simu yako. Yule aliyekukwapulia ulimuona kwa muda gani? Sekunde nne? Mgongo, shati, basi. Hukumuona alivyoamka, hukumuona alivyojificha, huna hata sura yake. Kama mtu angeenda na kamera upande wake, akaanza asubuhi, akamuweka nyuma ya kioski pikipiki inagoma kuwaka huku mgambo anakuja, basi watu ukumbini wangesukuma ile pikipiki iwake, na wewe kwenye ile muvi ungekuwa ni mkono tu umeshika simu. Hapo ndo siri kubwa ilipo, na haipo kwenye mwizi, ipo kwa aliyeibiwa. Aliyeibiwa haonyeshwi akifika nyumbani. Henry anawapa wapishi hela, lakini waliolizwa hizo hela hawapewi klozapu. Ukimuona mwenye duka anafunga duka lake kwa mara ya mwisho, ile meza ya mbele ukumbini inakuwa chungu.

Ndo maana naipenda sana Nairobi Half Life, muvi ya Kenya ya 2012 aliyoiongoza Tosh Gitonga. Kijana Mwas anatoka kijijini anataka uigizaji, anafika Nairobi na siku ile ile anaporwa kila kitu, anaishia mahabusu anasafishishwa choo. Kabla hajawa mwizi ameshakuwa WEWE, ameibiwa. Alafu polepole anaingia kwenye genge, anaanza na vipuri vya magari, na kila hatua tunaijua imetokea wapi. Pale mtazamaji anampenda mwizi akiwa bado anajua maumivu ya kuibiwa, vyote viwili vinakaa kifuani mara moja, na hiyo ni ngumu kuitengeneza kuliko kuwavalisha watu ovaroli nyekundu, na nasema hivo nikiwa naipenda hata hiyo Money Heist.

Ukitaka kujihakikishia haya fanya hivi, rudia ile sehemu uliyomshika mume wako mkono, zima sauti kabisa, na kila picha ikibadilika jiulize kitu kimoja tu, hapa nipo nyuma ya mabega ya nani? Utaona polisi wanaonyeshwa kwa mbali, wanakuja, na Profesa unaonyeshwa vidole vyake. Mwite na mume wako, na yeye alikuwa amekaa pale pale, sidhani kama alikuwa anaomba akamatwe.

Na yule dalali wangu nikwambie aliishia wapi. Ile shoti ya mama anahesabu hela kitandani iliniuma kuitupa, nilikuwa naiona kila nikifungua laptop. Mwishowe nikairudisha, ila nikaiweka baada ya kitasa kufunguka, baada ya ile "afadhali". Mlango unafunguka, dalali anatabasamu, karibu mama, nyumba ndo hii, alafu kata, kitandani, noti, raba. Tukawaita wale sita kwa mara ya tatu. Kwenye raba hakuna aliyesema kitu, na yule mama wa Tabata alikuwa amejifunika mdomo na khanga, anaangalia ile mikono inavyofunga fundo.